Nimenunua ile historia ya Gaddafi ya buku saba, nimeisikiliza yote, haya ndo maoni yangu

Wakuu habari za jioni. Najua wengi mmeshaliona lile tangazo, Gaddafi na miwani yake myeusi, nyuma yake simba anawaka moto (simba wa Libya katokea wapi mimi sijui), halafu maandishi ya njano HISTORIA KAMILI WALIYOKUFICHA. Kama hujaliona kwenye stetasi ya mtu basi huna magrupu. Mimi lilinifikia kwa watu wanne ndani ya siku moja, wa kwanza fundi wangu wa pikipiki, wa mwisho mama mmoja wa kwaya, tena mama wa heshima zake, nikasema kama hadi kwaya wamefikiwa ngoja na mimi nilipie nijue wenzangu wanakula nini.

Bei elfu saba, unapewa sauti sehemu 14 pamoja na PDF. Unalipia kwa simu, na jina lililotokea kwenye muamala si jina la kwenye tangazo, roho ikashtuka kidogo ila nikabonyeza. Baada ya hapo kimya. Dakika 40 kimya, nikajua tayari nimepigwa, nikaanza kuandaa matusi kichwani, ndo linki ikaja na "samahani bosi wateja ni wengi leo". Linki yenyewe ilikuwa imekufa. Akatuma nyingine ikafunguka, sehemu ya sita ikashuka mara mbili na ya tisa haikuwepo kabisa, nikamwambia, akaituma usiku ule ule saa tano. Kwa hiyo kwa upande wa huduma siwezi kumsema vibaya sana, ni wa kuchelewa lakini anajibu, wapo wengi ukishatuma hela wanakublock palepale. Ila jipange na bando maana mzigo ni MB mia nane na ushee na ukishusha kwa bando la siku litakukatia njiani.

PDF ni hovyo, tusizunguke. Ni maneno ya sauti yamechapwa tu na mtu mwenye haraka, fonti kubwa kama ya tangazo la msiba, na ndani ya ukurasa mmoja jina la mwenye historia limeandikwa Gadafi, Ghadafi na Kadafi. Usilipie kwa ajili ya PDF.

Sauti sasa. Jamaa ana sauti bwana, hapo lazima nimpe haki yake. Nzito, inatoka tumboni, na anajua kunyamaza, anakwambia "jangwani... nje kidogo ya Sirte... mwaka 1942... ndani ya hema..." unaona mchanga kabisa na harufu ya ngamia unaisikia. Sehemu ya kwanza niliisikiliza kwenye daladala kutoka Igoma nikapitilizwa kituo. Muziki ndo unaharibu, kuna vinanda vya huzuni vinapandishwa hadi vinammeza msimuliaji, na kila akitajwa mzungu unapigwa mlio kama wa muvi ya Kinigeria nyoka anapoingia chumbani.

Basi ningesikiliza peke yangu saa hizi ningekuwa nawaandikia nyota tano na mambo yameisha. Kilichobadilisha mambo ni kwamba nilienda kumsalimia mjomba wangu Jumapili, mzee mstaafu wa jeshi, alipigana vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, akiwa na miaka 21. Macho siku hizi hayamruhusu kusoma kwa hiyo anapenda redio na simulizi, nikasema ngoja nimfanyie zawadi, nikaweka spika ndogo ya bluetooth barazani, nikamwambia shikamoo mjomba leo nimekuletea Gaddafi. Akacheka. Akasema, "Marahaba mjomba. Huyo tulikutana." Mimi nikadhani utani wa kizee.

Tukaanza. Sehemu ya pili, mapinduzi ya tarehe 1 Septemba 1969, msimuliaji anasema "Kanali Gaddafi, akiwa na miaka 27 tu, aliingia Ikulu". Mjomba akanyoosha mkono simamisha hapo. Kanali wa miaka 27? Jeshi gani hilo? Nikaingia mtandaoni kuangalia, mzee yuko sahihi, jamaa alikuwa afisa wa cheo cha chini tu kwenye kikosi cha mawasiliano, ukanali alipewa baada ya kushika nchi, na huyo mfalme Idris aliyepinduliwa hakuwepo hata nchini, alikuwa Uturuki kwa matibabu. Kwa hiyo zile mbwembwe za kuingia Ikulu na mfalme kutetemeka kitandani ni chai, tena ya rangi. Na ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hiyo chai, vijana maluteni na makapteni wanaichukua nchi yenye mafuta karibu bila damu kumwagika, sasa kwa nini utie chumvi?

Sehemu ya tatu na ya nne ni nzuri, hapo sina neno. Wamarekani kutolewa kwenye kambi yao ya Wheelus mwaka 1970, Waingereza nao kutolewa mwaka huo huo, kampuni za mafuta kubanwa bei hadi zikakubali. Vyote vilitokea. Mto mkubwa wa kutengenezwa pia ameusimulia vizuri, maji ya kale yaliyoko chini ya Sahara yanavutwa kwenye mabomba ya zege yenye upana wa mita 4, unaweza kupitisha Hiace humo ndani, yakafika Benghazi mwaka 1991 na Tripoli mwaka 1996. Mjomba akatikisa kichwa akasema hapo huyu mtu alifanya kazi. Sisi wa Mwanza tunaliangalia ziwa kila asubuhi huku tumebeba ndoo kwa hiyo mada ya maji inatugusa pabaya.

Ikaja sehemu ya tano. Ile orodha mnayoijua wote, imekuwa ikizunguka tangu mwaka 2011 kwenye kila lugha: umeme bure, kila wanandoa wapya wanapewa dola elfu 50, ukinunua gari serikali inalipa nusu, hakuna ombaomba, aliapa wazazi wake hawapati nyumba mpaka kila Mlibya apate. Hii ndo sehemu iliyomfanya fundi wangu wa pikipiki alie, aliniambia mwenyewe. Na ndo inayouza huu mzigo, nina uhakika, maana mtu anasikiliza "umeme bure" huku mita yake ya LUKU inalia ukutani umeme unaisha. Sasa ukweli ni kwamba shule na hospitali zilikuwa bure kweli, umeme na mafuta vilikuwa bei ya kutupa kwa sababu serikali ilikuwa inafidia, na mwaka 2010 Libya ndiyo iliyokuwa inaongoza Afrika kwenye ile ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hiyo si kamba. Lakini nchi ilikuwa na watu kama milioni 6 tu na mafuta ya kumwaga, na umeme wa bei ndogo si umeme wa bure, bili zilikuwepo. Msimuliaji angesema hivyo hivyo tu bado Gaddafi angeonekana mtu. Yeye kaichukua orodha kama ilivyo akaisoma kwa vinanda.

Sehemu ya sita hadi ya nane ni hema, walinzi wa kike, ngamia, ugomvi na Rais Reagan wa Marekani, ndege za Marekani kupiga Tripoli Aprili 1986, halafu hotuba ya Umoja wa Mataifa mwaka 2009, amepewa dakika 15 akaongea zaidi ya saa moja na nusu. Hii nilicheka mpaka mjomba akacheka kwa kunicheka mimi. Ile ndege ya Wamarekani iliyolipuliwa juu ya Lockerbie, Scotland, imo lakini imepita kama basi la moja kwa moja, sentensi mbili, "wakamsingizia". Watu 270 walikufa pale Desemba 1988, na miaka ya mbele serikali yake yenyewe ikakubali kubeba dhamana na kulipa fidia ya mabilioni ya dola. Unaweza kusema alilipa ili vikwazo viondoke, ni hoja, wapo wanaoisema, lakini ieleze basi mtu aamue. Ile ndege ya Wafaransa iliyolipuliwa mwaka 1989 juu ya jangwa la Niger, watu 170, haimo kabisa, na humo Waafrika wenzetu walikuwemo tele maana ilitokea Brazzaville ikapitia Ndjamena.

Muda huu wote mjomba anasubiri kitu. Namuona. Kila sehemu ikiisha anauliza "bado hajafika Uganda?" Namwambia bado mjomba, labda inayofuata. Ikaja ya tisa, ile iliyopotea, inaitwa GADDAFI NA AFRIKA, mzee akasogeza kiti.

Imeongelea Mandela, ikaongelea Sirte na tarehe 9.9.1999 iliyozaa Umoja wa Afrika, ikaongelea machifu zaidi ya 200 waliomuita mfalme wa wafalme mwaka 2008, ikaongelea misikiti aliyotujengea, wa Dodoma na ule wa Kampala ya zamani ambao Amin aliuanza yeye akaumalizia. Ikaisha. Vinanda.

Mwaka 1979 haupo!

Yaani simulizi ya Kiswahili, imesomwa na Mtanzania, imeuzwa kwa Watanzania kwa shilingi za Tanzania, inaitwa historia kamili waliyokuficha, na haina hata neno moja kwamba huyu bwana aliwahi kupigana na sisi. Mjomba hakukasirika. Alikaa kimya, akaniambia zima hicho kinanda nikusimulie mimi.

Kwa vijana ambao hamjui, Amin alivyoanza kuelemewa Gaddafi alimletea wanajeshi, wanatajwa elfu 2 na mia kadhaa, pamoja na vifaru na silaha nyingine. Machi 1979 wakakutana na jeshi letu, JWTZ, pale Lukaya, Uganda, barabara moja imekatiza katikati ya kinamasi, maji huku maji huku. Siku ya kwanza wakatusukuma, brigedi moja yetu ilitawanyika kabisa, na mjomba anasema hivyo hivyo bila aibu, watu walikimbia. Brigedi nyingine, ya 208, ikazungushwa usiku ikaenda kutokea upande wa Kampala, na kulipokucha jamaa wakajikuta wako katikati. Inatajwa Walibya kama 200 walibaki pale. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka na Amin akakimbilia wapi kwanza? Libya.

Na wengi wao, mjomba anasema, hawakuwa askari wa kueleweka, walikuwa wanamgambo. Alisimulia kijana mmoja waliyemkuta kwenye mafunjo, kama miaka 18 au 19, hana bunduki, hana viatu, hajui hata yuko nchi gani, anaonyesha mdomo kwa kidole kwamba anataka maji. Wakampa. Kisha mjomba akaangalia hilo ziwa kwa mbali na akahamia habari ya mbuzi wake, nikajua hapo pamefungwa.

Halafu kuna ya Mwanza hii hii. Gaddafi alituma ndege ya Tupolev ije kutupiga mabomu hapa mjini ili tumwache Amin. Mabomu yakaukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane, pale pale mnapoenda kupiga picha za harusi, wakafa swala wa watu hawana hatia yoyote. Hii kwa wazee wa hapa ni stori ya kawaida kabisa, wanaicheka, ila nenda kaulize kijana yeyote mwenye sura ya Gaddafi nyuma ya bodaboda yake pale Kirumba uone kama anaijua. Ndo maana nikasema msimuliaji katuangusha. Mtangazaji wa Ulaya akiiruka Lukaya namwelewa, hajui hata ilipo. Wewe unayesoma kwa Kiswahili hicho ndicho kitu pekee ulichokuwa nacho cha kumzidi, wazee wako mtaani kwako, soda moja tu unapata sehemu nzima bure.

Tukamalizia zilizobaki wiki iliyofuata. Ya kumi na ya kumi na moja ni dinari ya dhahabu, kwamba aliuawa kwa sababu alitaka kuleta hela ya Afrika ya dhahabu ili dola ife, na anasema kuna "ripoti ya siri ya Marekani" inathibitisha. Hiyo ripoti nimeifuatilia. Ni barua pepe, aliiandika Sidney Blumenthal, mtu asiye na cheo chochote serikalini ila wa karibu wa Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, tarehe 2 Aprili 2011, anamwambia huyo mama kwamba kasikia Gaddafi ana tani 143 za dhahabu na mipango hiyo na kwamba Wafaransa wameingiwa na hofu. Barua ipo kweli, si ya kutunga, lakini mtu kumwandikia rafiki yake "nimesikia" na ripoti ya ujasusi ni vitu viwili tofauti, hata kwenye kesi ya kuku hakimu atakuuliza hiyo umesikia kwa nani.

Halafu anarudia mara nyingi sana kwamba "Afrika nzima ilikataa, ni wazungu tu". Hapa ndo nilichoka. Lile azimio la Umoja wa Mataifa namba 1973 la tarehe 17 Machi 2011 lililofungua anga la Libya kwa mabomu, kwenye Baraza la Usalama kulikuwa na nchi tatu za Afrika, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon. Zote tatu zilisema ndiyo. Rais Zuma wa Afrika Kusini nchi yake ikapiga kura ndiyo halafu mwezi uliofuata akapanda ndege kwenda Tripoli kusuluhisha. Hiyo tu ni sehemu nzima ya simulizi, ina usaliti, ina siasa, ina kila kitu anachokipenda huyu jamaa, na kaiacha mezani.

Na chanzo cha ghasia za 2011 zilizomwangusha hakipo. Ukisikiliza hii utadhani watu wa Benghazi waliamka tu siku moja wamelipwa. Mwaka 1996 kwenye gereza la Abu Salim pale Tripoli waliuawa wafungwa wanaokadiriwa 1,200, na familia zao miaka na miaka zinapeleka chakula na nguo gerezani kwa watu walioshakufa, hakuna anayewaambia. Baadaye zikaanza kukusanyika Benghazi na picha za watoto wao kudai majibu. Februari 2011 wakili wao akakamatwa, wakatoka barabarani, na moto ukaanzia hapo. NATO walikuja baadaye na mambo yao, na hata kamati ya bunge la Uingereza mwaka 2016 ilisema wazi tishio kwa raia lilikuzwa na hakukuwa na mpango wa baada ya vita. Yote mawili yalitokea. Msimuliaji kachukua la pili tu kwa sababu la kwanza lina akina mama wanalia na halifai kwenye tangazo la simba.

Sehemu ya 14 ni kifo chake, Sirte, tarehe 20 Oktoba 2011, lile bomba la maji chini ya barabara alimokutwa amejificha, wale wapiganaji vijana wa Misrata wakimrekodi kwa simu zao. Anaisimulia vizuri mno, tena hapa muziki kaupunguza, sijui aliishiwa. Mwili kuwekwa kwenye jokofu la nyama watu wakipanga foleni kuuangalia. Mjomba alivua kofia. Nikamuuliza mjomba, si alikuletea Walibya wakuue? Akasema, "Alileta. Lakini mtu mzima hafi hivyo."

Haya, ununue usinunue? Kama una safari ndefu, Mwanza Dar kwa basi, nunua, saa sita zitaenda bila wewe kujua na kwa buku saba ni bei ya chipsi kuku. Kama unataka kujua Gaddafi alikuwa nani, humu utamkuta nusu, tena ile nusu ambayo tayari unayo kwenye stetasi. Kwangu sauti 9 kwa 10, ukweli 4, PDF sifuri, huduma 6 na hiyo moja ya mwisho ni kwa ajili ya saa tano usiku.

Nilimwandikia muuzaji kwa ustaarabu kabisa, kaka kazi nzuri ila umesahau Lukaya, umesahau Tupolev ya Mwanza. Akajibu ndani ya dakika mbili, safari hii hakuchelewa: "Hiyo ipo Msimu wa Pili bosi, lipia mapema elfu tano tu ofa inaisha Ijumaa." Nikamsomea mjomba. Mzee akafikiri, akatoa noti ya elfu tano kwenye bahasha yake ya dawa akanipa, akasema mtumie, ila muulize kwanza na wale swala watakuwemo?